Gari-Nyumba Lilipochemsha Mlima Kitonga

Mama yangu alikataa kushuka. Mvuke mweupe ulikuwa umejaa sehemu ya mbele ya gari, watoto wangu wawili walikuwa tayari nje wakishikana mikono kama nilivyowaamuru, mume wangu alikuwa akihangaika kutafuta mawe ya kuzuia magurudumu, naye mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, kanga yake begani, akinitazama kwa mshangao wa mtu aliyegongewa mlango usiku wa manane. "Nishuke niende wapi, mwanangu?" aliniuliza. "Mimi si niko nyumbani?"

Nimelirudia swali hilo moyoni mara nyingi, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo hatari ambayo gari-nyumba linayo na basi la kawaida halina. Abiria wa basi linalofuka moshi hahitaji kubembelezwa. Atakuwa mlangoni kabla kondakta hajaufungua. Lakini mtu aliyelala kwenye godoro lake, akiwa na mapazia yake, birika lake la chai na picha ya marehemu mume wake ukutani, mwili wake wote unamwambia kwamba ndani ndiko kwenye usalama na hatari iko nje. Sisi tuliomtengenezea mama nyumba hiyo ndio tuliomfundisha kuamini hivyo, na siku hiyo pale mlimani nilikuwa na dakika chache tu za kumfundisha kinyume chake.

Nieleze kwanza jinsi tulivyolipata gari lenyewe. Mama anaishi Njombe, na kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akija Dar es Salaam kwa ajili ya kliniki, kwa kuwa ana kisukari na mgongo wake haumruhusu kukaa kwenye kiti kwa zaidi ya saa 2. Safari ya basi ilikuwa mateso kwake. Ndipo mimi na mume wangu tulipoamua kununua Coaster, yaani basi dogo, iliyokwisha kutumika, tukaivua viti vyote vya nyuma, tukaweka vitanda viwili, kabati, jiko la gesi la mtungi wa kilo 6, friji dogo la volti 12, betri ya pili kwa ajili ya mambo ya nyumbani, na tangi la maji la lita 150. Jina la chombo cha namna hii bado halijatulia katika Kiswahili. Wapo wanaosema nyumba ya magurudumu, na wapo wanaoliita karavani ingawa halivutwi na gari jingine. Sisi tulisema gari-nyumba, na mama akalizoea jina hilo upesi kuliko sisi.

Injini ya Coaster yetu ni ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabochaja, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa zaidi ili iwe na nguvu. Ni injini ngumu inayosifiwa na mafundi wengi, lakini si injini ya haraka, na inapobebeshwa mzigo mlimani huhitaji kusaidiwa na dereva. Tena ina jambo moja ambalo kila anayegeuza Coaster kuwa nyumba anapaswa kulitia akilini: haiko mbele chini ya boneti kama ya gari dogo, bali iko chini ya kifuniko katikati ya viti vya mbele, yaani ndani kabisa ya nyumba yako. Ikivuja, inavujia sebuleni. Ikitoa moshi, moshi huo unavutwa na waliolala.

Tuliondoka Dar es Salaam saa 10 alfajiri. Morogoro tulifika saa 2 asubuhi, mama akachoma sindano yake ya insulini na kunywa chai kwa mkate na yai, kisha tukaendelea. Kipande cha kilomita 50 ambamo barabara kuu inakatiza katikati ya Hifadhi ya Mikumi tulikipita mwendo wa taratibu, watoto wakihesabu swala na twiga dirishani, nami nikiomba kimoyomoyo kwamba lisitupate lolote mahali ambapo mtu hawezi kushuka kwa amani hata kubadilisha tairi. Hatukupata tatizo lolote. Tukashuka hadi bonde la mibuyu, tukapita Ruaha Mbuyuni penye vitunguu vilivyopangwa kando ya barabara, joto la mchana likazidi, na mume wangu akawasha kiyoyozi ili mama alale vizuri.

Anayeijua barabara ya TANZAM, ile barabara kuu ya Tanzania na Zambia, anajua kinachofuata. Baada ya lile bonde la joto, barabara inaanza kupanda Kitonga, katika Wilaya ya Kilolo, kuelekea nyanda za Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande mwingine ni korongo, kona zimefuatana, na malori yanayokwenda Tunduma, Zambia na Kongo yanapanda moja nyuma ya jingine kwa mwendo wa mtu anayetembea. Hakuna nafasi ya kuonyesha ujanja. Ukiwa nyuma ya semitrela iliyobeba shehena nzito, unapanda kwa kasi yake, na kasi hiyo ni ndogo mno kukuletea upepo wa kutosha kwenye rejeta, yaani kifaa kinachopoza maji ya injini.

Mambo yaliyolichemsha gari letu hayakuwa ya ajabu hata moja, na ndiyo maana nayataja yote. Kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi, nacho huiongezea injini mzigo. Tangi la maji lilikuwa limejaa, lita 150 ambazo ni kilo 150, katika barabara ambayo maji yanapatikana karibu kila kituo. Mume wangu alikuwa amechelewa kushusha gia, akiilazimisha injini kuvuta kwa mizunguko midogo, hali ambayo pampu ya maji na feni navyo huzunguka polepole. Na mpira wa juu wa rejeta ulikuwa wa zamani. Hili la mwisho ndilo linaloniuma. Tulikuwa tumechagua rangi ya mapazia kwa siku tatu, tumebishana kuhusu vitasa vya kabati, lakini hakuna kati yetu aliyemwambia fundi abonyeze mipira ya rejeta kwa vidole aone kama imekakamaa. Tulitengeneza nyumba tukalisahau gari.

Mshale wa joto ulipoanza kupanda, bado tulikuwa na nafasi ya kujiokoa. Dereva mzoefu angezima kiyoyozi papo hapo, angeshusha gia, angewasha hita ya ndani kwa nguvu zote hata kama jua linawaka, kwa sababu hita huchukua joto la injini na kulitoa kupitia ndani ya gari, na angetafuta mahali pa kusimama huku injini ikiunguruma taratibu ili maji yaendelee kuzunguka. Mume wangu alifanya la kwanza na la pili. La tatu hatukulijua. Kisha tukasikia mlio kama wa chupa kupasuka, mvuke ukafumuka kutoka chini ya kile kifuniko cha katikati, pamoja na harufu tamu ya kulanti, yaani maji ya kupozea injini, iliyoungua. Mpira ukishapasuka hakuna tena maji ya kuzunguka, na kila dakika injini inavyoendelea kufanya kazi inajikaanga yenyewe. Mume wangu alilisogeza gari hadi kwenye sehemu ya changarawe iliyokuwa pana kidogo, akazima, akavuta breki ya mkono.

Hapo ndipo niligundua kwamba nilikuwa sijawahi kufikiria mpangilio wa kutoka. Kwa bahati njema mlango wa Coaster uko kushoto, upande usio na magari, kwa hiyo watoto walitoka bila kukanyaga lami. Lakini mlango wa nyuma tulikuwa tumeuziba sisi wenyewe kwa kabati la nguo, kwa kuwa fundi seremala alisema ule ukuta "unapotea bure". Kama ule mvuke ungekuwa ni moto unaowaka, njia pekee ya mama kutoka ingekuwa kuupita moto wenyewe, maana mlango huo mmoja uko mbele, hatua chache tu kutoka kwenye injini. Naandika sentensi hii nikiwa na uchungu, kwa sababu ule mlango ulikuwepo, ulikuwa mzima, na tulilipa fedha ili usifunguke.

Kitu cha kwanza nilichokifanya kwa usahihi ni kufunga koki ya mtungi wa gesi. Ilikuwa imebaki wazi tangu tulipochemsha maji ya chai asubuhi. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, haiondoki kwa dirisha lililo juu. Ikivuja hutandazika sakafuni na kujificha chini ya vitanda, ikingoja cheche. Tangu siku ile hatuwashi injini kabla mtoto wetu wa miaka 9 hajaenda kuishika koki kwa mkono wake na kusema kwa sauti kwamba imefungwa. Kisha nikazima swichi kuu ya umeme wa nyumbani, nikachukua dawa za mama kutoka kwenye friji, na nikamgeukia mama.

Sikumjibu swali lake. Nilimwambia, "Mama, naomba unishike bega, wajukuu wako wako nje peke yao." Alisimama mara moja. Bibi hawezi kuambiwa kwamba wajukuu wako barabarani peke yao akaendelea kukaa, na mimi namshukuru Mungu kwamba maneno hayo yalinijia kabla sijaanza kubishana naye kuhusu nyumbani ni wapi.

Tulikaa mbali na gari, kando, juu ya jiwe lililokuwa kwenye kivuli cha mwamba, na hatukukaa mbele yake wala nyuma yake, kwa sababu gari lililosimama kwenye mlima likigongwa husogea, na kabari za mawe zikiteleza pia husogea. Mume wangu alikuwa ameweka pembetatu za kuakisi mwanga hatua kama 20 nyuma ya gari. Tulidhani tumemaliza.

Lori lililotupita likisuasua lilisimama mbele, pale barabara ilipopanuka, na dereva wake akashuka pamoja na utingo wake, wakarudi kwa miguu. Alikuwa mtu wa makamo, alikuwa anapeleka mzigo Lubumbashi, na salamu yake ya kwanza ilikuwa kwa mama. "Shikamoo, mama. Poleni sana." Kisha akatazama pembetatu zetu, akatikisa kichwa, akamwambia mume wangu kwa upole, "Kaka, hizi umeziweka baada ya kona. Anayepanda ataziona akiwa ameshakufikia." Utingo akachukua panga, akakata matawi ya miti, akateremka na kuyapanga kando ya lami hatua nyingi kabla ya kona, na mengine akayapeleka upande wa juu kwa ajili ya wanaoshuka. Kila dereva wa barabara hii anasoma matawi kuliko anavyosoma vibao. Na pale Kitonga dereva wa kuogopwa zaidi ni yule anayeshuka, mwenye tani nyingi mgongoni na breki zilizokwisha kupata joto, kwa hiyo onyo linapaswa kumfikia yeye mapema akiwa bado ana nafasi ya kupunguza mwendo kwa gia.

Wao wakaenda kuangalia injini. Mimi nikabaki na mama, nikiwa nimeuzungushia mfuko wa insulini kitambaa nilicholowanisha kwa maji ya kunywa, ili upepo ukipita uupoze, nami nikajiona mtu makini. Insulini ambayo imekwisha kuanza kutumika hustahimili joto la kawaida lisilozidi nyuzi 30 kwa takriban wiki 4, kwa hiyo kwa kweli hiyo haikuwa na haraka yoyote. Mwenye haraka alikuwa mama mwenyewe. Sindano ya saa 2 asubuhi ilikuwa bado inafanya kazi mwilini, chakula cha mchana tulichopanga kula Ilula, mji mdogo ulio mbele baada ya mlima, kilikuwa kimepita wakati wake, na mimi nilikuwa nikiilinda dawa ya kushusha sukari mbele ya mtu ambaye sukari yake ilikuwa inashuka.

Niliona jasho kwanza. Lilikuwa joto la mchana, kila mtu alikuwa na jasho, lakini lake lilikuwa la baridi na lilimtoka juu ya mdomo. Mikono ikaanza kutetemeka. Nilimuuliza jina la mjukuu wake aliyekuwa mapajani mwake, naye akanijibu jina langu. Mita ya sukari ilikuwa ndani ya mfuko wa dawa, nikampima, ikasoma milimoli 3.1 kwa lita. Chini ya 4 ni hatari, na nilijua la kufanya: gramu 15 za sukari ya haraka, yaani kama vijiko 3 vya chai vikikorogwa kwenye maji, kisha kungoja dakika 15 na kupima tena. Sukari ilikuwa ndani ya gari, kwenye kabati lenye vitasa vizuri.

Utingo ndiye aliyetuokoa. Nilipomwita hakusubiri maelezo, alikimbia hadi kwenye lori lao na kurudi na chupa ya soda ya kawaida, ile yenye sukari. Nusu ya chupa ndogo inatosha. Mama alikunywa taratibu huku nimemshika kichwa, kwa sababu mtu aliyepoteza fahamu hanyweshwi chochote na nilitaka kuwa na hakika kwamba anameza. Baada ya dakika 15 mita ilisoma 4.6. Baada ya hapo alikula ndizi mbili na kipande cha mkate alichopewa na mjukuu, akaanza kuwauliza wale vijana wanatoka wapi na kama mama zao wako hai. Baadaye nilifikiri kwamba hata ule mshangao wake kitandani, hata lile swali lenyewe, huenda lilikuwa ni mwanzo wa sukari kushuka. Ukaidi wa ghafla kwa mgonjwa wa kisukari haupaswi kuchukuliwa kuwa ukaidi kabla ya kumpima.

Kuhusu injini naweza kusema kwa ufupi zaidi, kwa sababu yule dereva aliifanya ionekane kazi ndogo. Alikataa katakata kifuniko cha rejeta kisiguswe kwa saa nzima. Maji yaliyo ndani ya mfumo uliofungwa hupita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya shinikizo, na ukifungua, shinikizo linaondoka na maji hufumuka pamoja na mvuke usoni pako. Aliwahi kumwona kijana aliyeungua hivyo. Alikataa vilevile tusimwagie injini maji ya baridi, kwani chuma chenye moto hupasuka, na silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ikipasuka si jambo la kutengenezwa kando ya barabara. Injini ilipopoa aliutazama mpira. Ulikuwa umechanika karibu na ncha, chini ya klipu, kwa hiyo aliikata ile ncha mbovu kwa kisu, kama urefu wa vidole viwili, akauvuta mpira uliobaki, akauchomeka upya na kukaza klipu. Juu yake akafunga utepe wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, mzunguko juu ya mzunguko. Maji yalitoka kwenye lile tangi letu kubwa, lita kama 12, yakimwagwa kidogo kidogo huku injini ikiunguruma. Kisha akakilegeza kifuniko hatua moja ili shinikizo lisipande sana, akamwagiza mume wangu apande kwa gia namba 2, hita ikiwa wazi na kiyoyozi kimezimwa, na maji yote yaliyobaki kwenye tangi ayamwage isipokuwa ndoo mbili.

Tulipotaka kuondoka alituzuia. Alitaka tuyatoe mawe yote kwenye lami kwanza, pamoja na matawi. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba jiwe linaloachwa na aliyesaidiwa ndilo linalomuua anayekuja usiku, na kwamba yeye hamsaidii mtu anayeacha mawe. Mume wangu na mwanangu walishuka chini ya kona wakayaondoa yote, tawi moja moja, huku utingo akiwaangalizia magari. Hakukubali fedha. Alikubali mkate wa mama, kwa kuwa ulitolewa na mama.

Ilula tulifika jioni, kwenye nyanya zilizopangwa kwa ndoo kando ya barabara, tukalala hapo, na kesho yake fundi akatuwekea mipira mipya yote, ya juu na ya chini, pamoja na mkanda wa feni ambao nao ulikuwa umechakaa. Tuliporudi Dar es Salaam tulimwita seremala akalitoa lile kabati. Tangi sasa tunalijaza hadi lita 40. Mtungi wa kuzimia moto, ambao ulikuwa umefungwa karibu na jiko, mahali ambapo moto ungeuzuia, sasa uko pembeni mwa mlango. Juu ya mlango huohuo kuna mkoba mmoja tu unaoning'inia, na ndani yake kuna sukari, mita, maji, tochi, chaja ya simu, namba 112 ya polisi na 114 ya zimamoto zilizoandikwa kwenye karatasi, na biskuti ambazo watoto wamekatazwa kuzigusa. Insulini inabaki kwenye friji.

Mama amesafiri nasi mara mbili tangu wakati huo. Kabla ya kila safari hupiga simu kutoka Njombe, na baada ya kuwasalimia watoto huniuliza, "Mlango wa nyuma unafunguka?" Mume wangu hamjibu kwa maneno. Hubeba simu hadi uani, hufungua ule mlango mpaka mwisho, huuachia ujifunge wenyewe, na mama huko aliko huusikia.